Asilimia mia ya nini? Ushauri kwa wanaoanza kufuatilia sheria za nishati za majimbo ya Marekani

Ukiulizwa kesho kazini sheria ya nishati ya Minnesota ya mwaka 2023 inasema nini, usijibu "umeme safi asilimia 100 ifikapo 2040" kisha ukanyamaza. Hilo bosi wako ameshalisoma gazetini. Wewe umeajiriwa ujue yaliyo nyuma yake: asilimia 100 ya nini, anayehesabu ni nani, na nani ameruhusiwa kuchelewa.

Nawaandikia hasa nyinyi mnaoingia kazi hii mkitokea Afrika Mashariki, kwa sababu kuna jambo moja hutuchanganya wote mwanzoni. Kwetu umeme una mwenyewe. Mtanzania akitaja umeme anamaanisha TANESCO, na msimamizi ni EWURA. Mkenya ana Kenya Power na EPRA. Huku mambo yametawanyika. Bunge la shirikisho mjini Washington halijawahi kuweka lengo la taifa zima la umeme jadidifu (wa jua, upepo na vyanzo vingine visivyoisha). Muswada mkubwa wa tabianchi ulipita Baraza la Wawakilishi mwaka 2009 ukafia Seneti. Na tangu sheria ya shirikisho ya 1935, mambo ya mitambo gani ijengwe na mteja wa nyumbani alipe bei gani yamebaki kwa kiasi kikubwa mikononi mwa majimbo. Iowa ilianza mwaka 1983, Hawaii ikawa ya kwanza kuandika asilimia 100 mwaka 2015, na mengine yakafuata kila moja kwa njia yake. Hata ndani ya jimbo moja kuna kampuni za wenye hisa, vyama vya ushirika vya vijijini na mashirika ya miji. Sheria ya Minnesota inawadai wale wa kwanza asilimia 80 ifikapo 2030, lakini ushirika na miji inadaiwa 60 tu. Mtu aliyeandika "Minnesota asilimia 80" bila kusema ni ya akina nani ameshakosea.

Kwa hiyo muswada ukikufikia, ruka utangulizi wake mtamu uende moja kwa moja kwenye ibara ya tafsiri, ile inayoeleza kila neno lina maana gani ndani ya sheria. Sheria hiyo ya Minnesota ina malengo mawili yanayofanana kwa mbali: umeme usiotoa kaboni asilimia 100 ifikapo 2040, na umeme jadidifu asilimia 55 ifikapo 2035. Mitambo ya nyuklia ya Monticello na Prairie Island inahesabiwa kwenye lengo la kwanza, kwenye la pili haimo. Na jimbo hilohilo lina marufuku ya mwaka 1994 ya kujenga mtambo mpya wa nyuklia. Yaani sheria moja inaitegemea nyuklia iliyopo, nyingine inaikataa itakayokuja, na zote zinafanya kazi leo. Huwezi kuyajua hayo kwa kusoma kichwa cha habari.

Baada ya tafsiri, tafuta kila penye neno "isipokuwa". Hapo ndipo mapatano yalipofanyika usiku. Chukua Illinois. Sheria yake ya tabianchi na ajira ya mwaka 2021 inafunga mitambo ya makaa ya mawe ya watu binafsi ifikapo 2030, ya gesi ifikapo 2045. Lakini mtambo mkubwa kuliko yote ya makaa, Prairie State ulioko kusini mwa jimbo, unaruhusiwa hadi 2045, ukipunguza hewa chafu njiani. Kwa nini? Kwa sababu miongoni mwa wamiliki wake ni mashirika ya umeme ya miji midogo na ushirika, yaliyokopa fedha nyingi kuujenga, na ulianza kazi mwaka 2012 tu. Ukiufunga 2030, deni linabaki kwa wakazi. Unaweza kuuona uamuzi huo kuwa udhaifu au busara (mimi nauona ni busara ya ghali), ila lazima uweze kumweleza mtu ulitoka wapi.

Illinois inafundisha jambo jingine pia, nalo ni saa. Mazungumzo yalikwama kiangazi kizima. Kampuni yenye mtambo wa nyuklia wa Byron ilikuwa imetangaza kuuzima tarehe 13 Septemba 2021. Seneti ikapiga kura siku hiyohiyo, gavana J.B. Pritzker akatia saini tarehe 15. Kilichousogeza muswada ule kilikuwa mtambo uliokaribia kuzimwa, si hotuba ya mtu. Unapofuatilia muswada wowote, jiulize ni tarehe gani nje ya bunge inayowatia watu hofu.

Na kuhusu malipo ambayo sheria hiyo iliipa mitambo ya nyuklia ya Illinois, ukiwemo Byron, ili isizimwe: wengi waliyaita ruzuku na wakafunga mjadala. Hesabu yake iliandikwa kwa namna kwamba bei ya umeme sokoni ikipanda kupita kiwango fulani, mkondo unageuka, mteja ndiye anayerudishiwa. Mwaka 2022 bei zilipopaa, ndivyo ilivyokuwa, na wateja wa kaskazini mwa jimbo wakaona punguzo kwenye bili. Fomula ziko kwenye kurasa ambazo hakuna anayezisoma. Zisome wewe.

Mambo ya kalenda nitayapitia haraka maana utayazoea mwenyewe. Texas hukutana siku 140 kila mwaka usiogawanyika kwa mbili. New Mexico ina siku 60 mwaka mmoja na 30 unaofuata. Muswada usiopita kamati kwa wakati umekufa, hata kama kila mtu anaupenda. Jifunze pia akidi. Mwaka 2019 Oregon, maseneta 11 wa Republican walitoka jengoni, wengine wakavuka hadi jimbo jirani, ili Seneti yenye viti 30 isifikishe watu 20 wanaohitajika, na muswada wa kuweka kikomo cha kaboni ukafa huku kura za kuupitisha zilidhaniwa zipo. Mwaka uliofuata wakarudia mchezo uleule. Sheria ya Minnesota ya 2023 kwa upande wake ilipita Seneti kwa kura 34 kwa 33. Kwa wingi wa namna hiyo, seneta mmoja mwenye mafua ni habari ya kisiasa.

Sasa Ohio, na hapa nawaomba mtulie. Mwaka 2019 bunge lake lilipitisha muswada uliokuwa na mpango wenye jina la hewa safi. Ndani yake kulikuwa na fedha za kuokoa mitambo miwili ya nyuklia, ruzuku kwa mitambo miwili mikongwe ya makaa (mmoja hata haumo Ohio, uko Indiana), kiwango cha umeme jadidifu kimeshushwa hadi asilimia 8.5, na masharti ya matumizi bora ya nishati yamefutwa. Baadaye upelelezi wa shirikisho ukafichua hongo ya takribani dola milioni 60, na spika Larry Householder akahukumiwa kifungo cha miaka 20 mwaka 2023. Huhitaji kuwa mpelelezi. Maswali mawili yangetosha tangu siku ya kwanza: nani analipwa, na nani anatozwa? Jina la muswada lisikushughulishe kabisa.

Kuna waliokuja wakiamini kwamba majimbo ya Democrats ndiyo yenye sheria za maana, mengine hayana. Hawa mimi huwapeleka Texas. Mwaka 1999, George W. Bush akiwa gavana, jimbo hilo liliweka lengo la megawati 2,000 mpya za umeme jadidifu ifikapo 2009, likalivuka mapema. Lakini kilicholeta mageuzi ni sheria ya 2005 iliyoagiza nyaya kubwa zijengwe kutoka magharibi kwenye upepo hadi kwenye miji, gharama igawanywe kwa wateja wote. Mabilioni ya dola. Leo Texas inaongoza Marekani kwa umeme wa upepo. Asilimia huvutia kamera, ila bila nyaya upepo unabaki jangwani.

Mahakama nazo. Sheria ya Minnesota ya 2007 ilijaribu kuzuia umeme mpya wa makaa unaotoka nje ya jimbo. North Dakota ikashtaki, na mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikakubaliana nayo. Ukiisoma ile ya 2023 ukijua historia hiyo, utaelewa kwa nini imeandikwa kwa kuyabana mashirika yanayowauzia wakazi, na kwa nini inaruhusu vyeti vya nishati jadidifu (uthibitisho unaoweza kununuliwa kwamba umeme jadidifu umezalishwa mahali fulani). Viongozi wa North Dakota walitishia kushtaki tena hata hivyo.

Ushauri wa mezani ni mfupi. Hifadhi kila toleo la muswada na tarehe yake, maana marekebisho yanaweza kufuta kila mstari na kubakiza namba ya muswada tu. Katika taarifa yako taja toleo. Usiandike "muswada unasema". Andika "toleo la pili, kifungu fulani, linasema". Na ukimpeleka mama wa Kikongo au wa Kiburundi anayeishi jimboni humo kamatini kutoa ushahidi, usimfundishe takwimu. Mara nyingi atapewa dakika mbili. Aje na bili yake ya umeme ya Januari, aseme alipunguza nini ili ailipe. Muda wa mkalimani upangwe mapema na karani wa kamati, vinginevyo dakika mbili zinakuwa moja.

Kisha gavana anatia saini, picha zinapigwa, na wengi wenu mtahamia kazi nyingine. Hapo mnakosea. Minnesota, baada ya saini, ubishi ulihamia kwenye Tume ya Huduma za Umma, inayosimamia mashirika ya umeme ya jimbo: je, kuchoma mbao na taka kuhesabiwe kuwa kusikotoa kaboni? Tume hiyohiyo ndiyo yenye uwezo wa kuliongezea muda shirika linalodai kwamba gharama au uhakika wa umeme utaathirika. Majalada yake yako wazi mtandaoni, na mtu yeyote anaweza kuandika maoni. Huwa kuna awamu mbili, maoni ya kwanza na maoni ya kujibu. Kama una jioni moja tu, anza na yale ya kujibu, kwa sababu humo mawakili wa mashirika ya umeme huacha adabu na kusema wanachokitaka.