Mwaka wa kwanza uchumi: waanze na soko, mchoro ufuate

Mleta mada, umeuliza ufanyeje na wanafunzi wanaokariri michoro ya mahitaji na ugavi kwenye madesa (notisi za kunakiliana), kisha swali likigeuzwa kidogo wanakwama. Nafundisha somo hilohilo hapa Mwanza, nakupa ninavyofanya.

Kipindi cha kwanza sichori chochote. Nagawa vikaratasi. Nusu ya darasa ni wauza dagaa, kila kikaratasi kina gharama ya ndoo moja, na mwenye nacho haruhusiwi kuuza chini ya hapo. Nusu nyingine ni wanunuzi, kila mmoja na kiwango chake cha mwisho cha kulipa. Kuonyeshana marufuku. Wanatangaza bei kwa sauti, wakikubaliana naiandika ubaoni. Raundi ya kwanza bei zinatawanyika ovyo, lakini tukirudia zinaanza kukaribiana. Ndipo napanga gharama zao kuanzia ndogo na viwango vya wanunuzi kuanzia kikubwa, na mistari miwili, wa ugavi na wa mahitaji, inakatana karibu na bei waliyoifikia wenyewe. Zoezi si langu. Mchumi Edward Chamberlin alichapisha la kwake la Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1948, ila bei zake hazikutulia. Vernon Smith, aliyewahi kushiriki zoezi hilo kama mwanafunzi, akaweka bei hadharani na kurudia raundi, akachapisha 1962. Mwaka 2002 akapata Nobel ya uchumi.

Ila kinachonipa raha zaidi ni mwezi. Wavuvi wetu wa dagaa wanavua kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikishika, taa haivuti samaki vizuri, mitumbwi mingi inabaki nchi kavu. Sasa muulize mwanafunzi: mlaji wa mitaa ya hapa mjini kama Igoma au Mabatini anapunguza hamu ya dagaa kwa sababu mwezi umeng'aa? Hapana. Basi ugavi ndio umesogea peke yake, na bei na kiasi kinachouzwa vikibadilika vinatuonyesha mstari wa mahitaji ulivyo. Hili ni gumu hata kwa wa mwaka wa tatu wanapokutana nalo kwenye ekonometria (kupima uchumi kwa takwimu), lakini mtoto aliyekulia kando ya ziwa analishika siku hiyohiyo.

Nawatuma kwa vikundi kwenye mialo, mitumbwi inakotia nanga, na soko la samaki la Mwaloni Kirumba kuandika bei kwa muda wa mwezi mzima, saa ileile, kipimo kilekile. Wabichi na wakavu wasichanganywe: dagaa mkavu anawekwa ghalani, kwa hiyo mwenye mzigo anaweza kungoja bei, wa mbichi hawezi. Waambie waombe ruhusa kwanza na wasimsumbue mama aliye katikati ya kupima mzigo. Yule yuko kazini.

Darasa likiwa na watu 300, kikaratasi kimoja wape wanne wajadiliane, mmoja awe msemaji. Na kwenye mtihani weka takwimu walizokusanya wenyewe, waeleze kwa nini bei ilipanda wiki ile. Ukiendelea na "taja sababu tano", madesa yatarudi.