Tafuta kijiwe kabla ya mchapishaji

Vijana wanaoandika riwaya huniuliza swali moja kuliko yote: "Kaka, muswada wangu niupeleke kwa nani?" Wanamaanisha mchapishaji. Nami huwauliza: mpaka leo umesomwa na nani? Wengi hawana wa kumtaja. Mtu ameandika mwaka mzima chumbani kwake Tabata au Mbagala, nyumbani hawajui, rafiki hajui, halafu anataka msomaji wake wa kwanza awe mhariri asiyemfahamu, mwenye rundo la miswada mezani. Ndugu yangu unayeanza, usianzie huko. Mchapishaji utamhitaji, na siku yake itafika. Kwanza tafuta kijiwe, yaani watu wawili watatu watakaokusikiliza sasa hivi, wakati hadithi yenyewe hata mwisho haina.

Shairi unaweza kulimaliza usiku ule ule lilipokujia. Riwaya inadai miaka, na katikati ya miaka hiyo kuna sura zisizo na raha yoyote: mhusika lazima atoke mahali fulani afike mahali fulani, na wewe umechoka, kazini umeshinda, luku imeisha. Niliowaona wakiacha, wengi walikuwa na kipaji. Walichokosa ni mtu wa kuwauliza, "Ehe, yule mama wa Buguruni ikawaje?" Ukiulizwa hivyo Jumamosi, Jumapili utaandika.

Watu hao Dar wapo. Nenda Soma Book Café, Regent Estate kule Mikocheni, siku yenye mazungumzo ya vitabu. Kaa, sikiliza, na ukiwa na swali uliza. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, na mikutano ya Kiswahili ikiwa wazi kwa wote usijione mgeni. Wiki ya tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, usijifungie ndani. Maktaba Kuu ya Taifa iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed tangu 1967, na kwenye meza zake hukosi kumwona mtu ameinamia kauntabuku, anaandika kitu ambacho si cha mtihani. Msalimie. Kisha kuna wauza vitabu vya mtumba wanaotandaza kando ya njia mjini. Hao wanajua kuliko mtu yeyote nani hununua riwaya, na ukiwazoea watakuelekeza kwa wenzako. Kijiwe chetu kilizaliwa hivyo, Posta, pale wawili waliposhika nakala moja ya riwaya ya zamani kwa wakati mmoja na kila mmoja akakataa kuiachia.

Sasa niseme kijiwe chenyewe kinavyokwenda, maana hapa ndipo watu hukosea wakaishia kupeana sifa na soda.

Tunakutana Magomeni, kwenye kibaraza cha stesheneri ya mwenzetu, kwa hiyo kopi za sura zinatolewa hapo hapo. Kuna muuguzi, fundi cherehani, mwalimu wa sekondari, na mzee mmoja aliyekuwa konda wa daladala enzi za vipanya. Mwenye zamu anasoma kwa sauti kurasa tano au sita. Akimaliza, ananyamaza. Hajitetei wala hafafanui, kwa sababu kitabu kikishatoka hatakwenda nyumbani kwa kila msomaji kukifafanua. Wasikilizaji wanaanza na walichokiona: "Nimemwona mzee anafunga duka, lakini binti sikumwona akiingia." Halafu kila mtu anasema pale alipochoka, mstari gani. Mambo ya tahajia na vituo tunayaandika kwa kalamu kwenye kopi na hatuyajadili, maana yangemaliza jioni nzima na hadithi isiguswe.

Siku moja muuguzi alitusomea sura ya mama kijana anayemwahisha mtoto mgonjwa Muhimbili kutoka Kimara. Mwaka ni 1998, mvua za El Niño. Sura ilikuwa nzuri, homa ya mtoto unaihisi kabisa mkononi. Mama akafika kituoni, akapanda mwendokasi. Mzee alisubiri zamu yake ya kusema ifike, akamwambia kwa upole: "Binti yangu, mwendokasi umeanza 2016. Huyu mama hana usafiri." Kisha akaanza kutueleza angekuwa na nini. Kipanya kimejaa hadi mlangoni, konda ananing'inia. Watu wamepakatana, matope miguuni, dirisha haliteremki. Wamefika Magomeni dereva anakatisha ruti, anasema Jangwani hakupitiki, maji yamejaa bonde lote. Abiria wanashuka wakigombania nauli zao. Na Muhimbili iko upande wa pili.

Hakuna aliyetazama saa. Fundi akauliza: mtoto amembeba mgongoni au kifuani? Maana kwa mvua ile, khanga ikilowa inalegea. Mwalimu akauliza kama kulikuwa na vijana wanaovusha watu kwa malipo, mzee akasema walikuwapo, akaeleza walivyoshika mkono wa mtu na walivyopatana bei kabla ya kuingia majini. Muuguzi alikuwa anaandika kwa kasi pembezoni mwa karatasi, nyuma yake, hadi kwenye risiti iliyokuwa mezani. Wiki iliyofuata alirudi na sura mpya, yule mama akiwa katikati ya maji Jangwani, na tulipoisikia fundi aliomba isomwe tena. Hakuna aliyepata shilingi siku ile. Lakini mtu akiniuliza raha ya kuandika riwaya iko wapi, namwambia ilikuwa pale kibarazani, watu wazima wanne wanahangaika namna ya kumvusha mtoto ambaye hajawahi kuzaliwa.

Ndiyo maana nakushauri kijiwe chako kiwe na watu wa kazi mbalimbali. Waandishi watupu mtazungumzia uandishi. Konda atakwambia barabara ilivyokuwa.

Raha nyingine utaibeba peke yako, masikioni. Mji huu unasema. Kwenye pantoni ya Kigamboni, kwenye foleni ya Tazara, msibani usiku watu wakikesha, kuna Kiswahili ambacho hutakikuta kwenye kitabu cha kiada. Sikiliza namna mtu anavyoomba deni lake bila kulitaja. Andika ukifika nyumbani. Ila siri ya jirani yako ni ya jirani yako: badilisha jina, kazi, mtaa, mpaka mwenyewe akisoma asijione.

Wale wanaouza simulizi kwa vipande kwenye makundi ya WhatsApp usiwadharau. Nasikia wasomi wetu wakiwabeza na inaniuma. Baadhi ya riwaya zetu za zamani zilitoka kwanza kwa vipande magazetini. Mwandishi ambaye wasomaji wake wanamtumia pesa kwa simu na kumwamsha alfajiri wakidai kipande kinachofuata anajua jambo kuhusu kumshika msomaji, na wewe unalihitaji. Jifunze kwake. Upungufu wa makundi hayo ni kwamba pongezi ni nyingi na masahihisho ni haba, na kazi husambaa bila jina lako. Muswada mzima usiutume huko. Ukikamilika, COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wanasajili kazi za waandishi. Na ukiamua kuchapa mwenyewe, namba ya ISBN, ile inayotambulisha kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba.

Tuzo nazo zipo, na kijiwe hufaidi zaidi zikitumika kama tarehe ya mwisho ya kumaliza. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyo chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Ile ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo baadaye ikawa Safal-Cornell, imekuwa ikipokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Tangazo likitoka, someni masharti pamoja, mpangiane nani amsomee nani sura za mwisho.

Itakuja siku mwenzako atashinda na wewe hutashinda. Wivu utakuja, usijichukie kwa hilo. Nenda kwenye uzinduzi wake, na ukifika, nunua kitabu. Kile kidesturi chetu cha kumwambia mwandishi "nakala yangu iko wapi?" kinawaumiza watu wanaotabasamu. Lipa bei kamili, mwombe asaini, kisha kisome mpaka mwisho, umpigie simu umwambie ni ukurasa gani uliokuchelewesha kulala.

Na kama mtaani kwako hakuna kijiwe, kianzishe kwa mtu mmoja. Chagua kurasa tano, zile ambazo watu wawili wanazungumza, kwa sababu mazungumzo husomeka vizuri kwa sauti. Acha nafasi pana kati ya mistari ili kalamu ipate pa kupita, weka namba za kurasa, toa kopi mbili. Mwambie mwenzako akuwekee alama pale tu alipotamani kuacha. Soma taratibu. Ukimaliza, mwache aseme yote bila kumkatiza, kisha muulize kama naye ana kitu alichoandika, maana mara nyingi anacho na alikuwa anasubiri kuulizwa.