Mwanangu, kuhusu mdogo wako

Baba,

Meseji yako niliiona juzi nikiwa sokoni Mwaloni, mikono imejaa dagaa nikashindwa kujibu, leo nimekaa ngoja nikuandikie vizuri. Umeuliza Kabula umwambie nini, kila ukimpigia analia, na wewe unaona mtoto hajafa, yuko kwa watu wanaomtaka, na ni Kabula mwenyewe aliyesaini mtoto wake aasiliwe, awe wa wazazi wengine moja kwa moja. Ni kweli alisaini, hakuna aliyemshika mkono. Ila alisaini na anaumia, yote mawili.

Angekuwa amefiwa tungejua la kufanya. Turubai lingefungwa hapo nje, majirani wangeleta kuni na mchele, kina mama wangelala naye mkekani, daftari la rambirambi lingezunguka. Hili la kwake halina turubai. Watu walimuona na tumbo halafu wakamuona hana mtoto, wanainama wanapita. Wengine wanasema si bora angempeleka tu kwa bibi yake Magu, wanachanganya mambo, mtoto akilelewa kwa bibi unaenda unamuona, sikukuu anakuja, bado wako. Huku kwenye kuasili, kwa ile Sheria ya Mtoto ya 2009, amri ikishatoka Mahakama Kuu wale ndo wazazi wake, sisi hatuna tena mlango wa kugonga. Dada wa ustawi wa jamii alimweleza yote hayo kabla na akaelewa. Kwa hiyo usije ukamwambia tutafuatilia, sijui una rafiki mwanasheria, utampa tamaa ya kitu ambacho hakipo.

Wewe ulikuwa Dar hukuona. Ile wiki ya kwanza maziwa yalikuja. Mwili haujui habari za karatasi. Namkuta asubuhi bafuni anakamua anamwaga, kitenge kimelowa kifuani, akitaka kutoka nje anajifunga khanga mbili ili watu wasione, halafu mtoto wa jirani akilia tu upande wa pili wa ukuta yanaanza upya. Na siku zote hizo hakutoa chozi. Kilio kimeanza sasa, na mimi mama yake naona ni nafuu kuliko ule ukimya.

Sasa akilia kwenye simu usikate, wala usianze kuongea harakaharaka. Muache alie, salio likiisha nitakurushia. Usimwambie utazaa mwingine. Usimwambie Mungu ana makusudi yake, hilo kanisani wanamwambia vya kutosha. Muulize mtoto alifananaje. Mtaje jina, sema Baraka, hata kama huko wamembadilishia. Juzi tunachambua dagaa nikasema tu, Baraka alikuwa na vidole virefu kama vya babu yenu, akaacha kuchambua, akaniangalia weee, akasema na masikio pia. Tukaendelea na kazi, usiku huo alikula ugali akamaliza.

Kingine, wewe umekulia hapa unajua, mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, biashara inapoa, anashinda ndani hana cha kufanya, na hapo ndo anazama. Wakati wa giza mzigo unakuja, anachoka, analala. Kwa hiyo uangalie mwezi huko huko Dar, ukiuona umejaa mpigie, hata kama ni kumsimulia foleni za Mbagala.

Mwezi wa nne mtoto anatimiza mwaka. Usijifanye umesahau ukidhani unamlinda, yeye hatasahau hata sekunde. Ukipata ruhusa kazini panda basi uje, si lazima useme chochote cha maana, mkae tu, mwende Kamanga mkale sato kama mlivyokuwa mnafanya.

Ukisikia kwenye simu anasema maneno ya kutotaka kuishi, hapo usisubiri kupambazuke, niambie saa hiyo hiyo tumpeleke hospitali ya Bugando, wapo madaktari wa akili, na wala si aibu.

Halafu baba yako mdogo amesema atampigia Jumapili amshauri, ati amueleze jinsi ya kusahau. Mzuie, nakuomba kabisa. Mwambie simu ya Kabula imeingia maji.

Mama