Maswali ya Wasomaji: Mfadhili kasimamisha hela, kijiji kinasema tumekula

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni katibu wa asasi ndogo ya kina mama wafugaji huku Longido, tuko wanachama 64, ofisi yetu ni chumba kimoja tulichopewa na kijiji. Tulipata mradi wa Sh milioni 38 kupitia shirika moja kubwa la mjini, awamu ya kwanza ikaingia, ya pili imesimamishwa, wanasema kuna laki 9 na kitu hazina viambatanisho. Na ni kweli hazina, hela ile ililipa bodaboda za kuleta kina mama kwenye mkutano, mbuzi wa kuchinja, na boza la maji kipindi kile cha ukame, sasa porini nani akupe risiti? Huku kijijini imeshasambaa kwamba tumekula. Mwenyekiti wetu analia anataka kujiuzulu, malaigwanani, wazee viongozi wa kimila wa Kimaasai, wametuita tukajieleze. Tuanzie wapi? (Katibu, Longido)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na mwambie mwenyekiti asijiuzulu wiki hii, akiondoka sasa hivi watu watasema ndo uthibitisho.

Mmekosea mpangilio. Ulivyoandika barua yako inaonekana nguvu zote zimeenda kumjibu mfadhili, halafu kijiji mtakijibu baadaye. Geuzeni. Nendeni kwa malaigwanani kwanza, msisubiri waite mara ya pili, halafu ombeni mkutano wa wanachama wote na wasio wanachama wakaribishwe, msome hesabu yote kuanzia shilingi ya kwanza iliyoingia, pamoja na hizo laki 9. Mfadhili mradi ukiisha ataondoka, ila mwanamke aliyepanda hiyo bodaboda mtaishi nae.

Na mkisoma someni kwa lugha ya watu. Nilikuwa mhasibu miaka kadhaa kwenye asasi moja ya wafugaji Manyara, siku ya kwanza nasimama kusoma hesabu nikasema semina imetumia milioni 4 na laki 8, kimya, watu wananiangalia tu. Mama mmoja mtu mzima akauliza hizo ni ng'ombe wangapi? Wakati huo ng'ombe wa kawaida alikuwa laki 6 mnadani, nikapiga hesabu, nane. Akauliza gari lilichukua wangapi? Gari na mafuta ni milioni 1 na laki 8, watatu. Weee, mkutano uliamka! Ng'ombe watatu wameenda kwenye gari? Kwa nini semina ifanyike mjini? Na mimi nilikuwa nimeandika ripoti nzuri kabisa, imegongwa muhuri, ikapita kwa mfadhili bila swali hata moja, na lile swali la gari hakuna mkaguzi aliyewahi kuniuliza. Semina iliyofuata ilifanyika shule ya msingi, kina mama wakaja kwa miguu. Tangu siku hiyo nilikuwa naandika safu mbili, shilingi na mifugo, ile ya pili tunaibandika ukutani.

Sasa hizo laki 9. Usitafute risiti ya kughushi, nakuomba sana, najua kuna maduka mjini yanauza, mkigundulika mtakuwa mmegeuza uzembe kuwa jinai. Fanyeni hivi: kaeni na waliolipwa mmoja mmoja, mwenye bodaboda, mwenye mbuzi, dereva wa boza, kila mmoja ajaziwe hati ya malipo, jina, kazi, kiasi, tarehe ya malipo yalipofanyika na chini iandikwe wazi kwamba hati imejazwa leo, asaini au aweke dole gumba mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Ambatanisheni na mahudhurio ya mkutano na barua ya serikali ya kijiji. Ambaye hapatikani, semeni hapatikani. Wapo wafadhili wanaoikubali njia hii kwa sehemu zisizo na mashine ya EFD, ile ya risiti za kielektroniki, ila wanataka wajue mapema, kwa hiyo mkisaini tena mkataba hakikisheni hilo limeandikwa ndani. Na zile risiti za EFD mnazopata mkija mjini zipigeni picha na kuzitoa kopi siku hiyohiyo, karatasi ile inafifia, nimewahi kufungua faili nikakuta risiti zote nyeupe kama hazijawahi kuandikwa kitu.

Kuhusu masurufu, yaani hela anazopewa mtu mkononi akatumie halafu azitolee hesabu, msimpe mtu mmoja hela zote za mkutano akakae nazo. Wagawieni wawili, mmoja anashika hela mwingine anashika daftari.

Upande wa serikali ujue pia, kanuni za NGO, yaani asasi zisizo za kiserikali, za 2018 zinataka asasi inayopokea zaidi ya Sh milioni 20 itangaze hadharani hela imetoka wapi na imetumikaje, na mkataba ufikishwe kwa Msajili wa NGO. Milioni 38 yenu imeshavuka huo mstari, kwa hiyo muulizeni Afisa Maendeleo ya Jamii wa wilaya kama nyaraka zenu zilifika, msidhani lile shirika la mjini liliwapelekea.

Sasa niseme na lingine linaloniumiza roho. Katika bajeti yenu mlipewa hela ya mhasibu? Nina hakika hamkupewa. Hamkupewa mhasibu, hamkupewa hata nauli ya kwenda benki Arusha, halafu mnadaiwa ripoti sawasawa na shirika lenye wahasibu kumi. Kwenye mkutano wa dunia wa tabianchi kule Glasgow mwaka 2021 serikali na taasisi tajiri ziliahidi dola bilioni 1.7 kwa jamii za wenyeji wanaotunza ardhi na misitu, ripoti ya mwaka wa kwanza ikaonyesha asilimia 7 tu ndo iliyoenda moja kwa moja kwa asasi za wenyeji wenyewe. Nyingine zinapita kwa watu wa katikati, na kila anayezishika anakata ya uendeshaji wake, ikifika Longido ya uendeshaji imeisha. Australia wana sheria ya 2006 maalumu kwa mashirika ya wenyeji wao wa asili, Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait, wana msajili wao, na shirika dogo linatoa ripoti nyepesi kuliko kubwa, yaani uzito wa ripoti unaendana na ukubwa wa mfuko. Hilo ni la kuomba kwa mfadhili bila aibu: fungu la uhesabu liwe ndani ya bajeti, na mkataba wa miaka mitatu badala ya miezi kumi.

Na inawezekana. Bonde la Yaeda huko Mbulu Wahadzabe wanalinda msitu wao, hewa ukaa inauzwa, yaani wanunuzi wanalipia ile hewa chafu ambayo msitu usipokatwa haiendi angani, hela zinarudi kwenye jamii na jamii yenyewe inakaa na kuamua, ada za wanafunzi, matibabu, walinzi wa msitu. Kilichowapa nguvu ya kukaa mezani ni ardhi, mwaka 2011 walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja, sio ya mtu mmoja mmoja. Je malisho yenu yana hati? Kama bado, mkimaliza hili la risiti lianzeni hilo.

SWALI: Mi sio mwanachama wa asasi yoyote ila mradi unafanyika kwenye kijiji chetu. Nina haki ya kuona hesabu zao au nitaambiwa hayanihusu? (Mwanakijiji, Kiteto)

JIBU: Unayo. Sheria ya NGO ya 2002 inaitaka asasi iandae ripoti kila mwaka na umma uweze kuipata. Na hela ikipita kwenye akaunti ya kijiji ndo kabisa, mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe pale. Ukienda ofisini kwao usiende peke yako na usiende kwa shari, chukua wenzako wawili, muombe ripoti ya mwaka uliopita. Wakisema ipo makao makuu mjini, waulize italetwa lini, muandike hiyo tarehe mbele yao, mrudi siku hiyo.