Usimwulize vita, mwulize usingizi

Mmeuliza wiki hii: mwanajeshi akirudi kutoka misheni, yeye na mwenzi wake wanazungumzaje kuhusu afya ya akili? Mume wangu alikwenda Kongo na kile kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichoundwa 2013 kwa askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Jibu langu: usimwulize vita, mwulize usingizi.

Ukimwuliza "Uliona nini kule?" anajifunga. Mambo ya kazi hayaletwi nyumbani, na mengine hata akitaka hana ruhusa ya kuyasema. Lakini hakuna kiapo kinachomkataza kuniambia kwamba jana hakulala, au kwamba fataki za mkesha wa mwaka mpya zilimbana ukutani mbele ya watoto. Hapo ndipo tulipoanzia, tena kwa simu, msicheke: yeye sebuleni, mimi chumbani, tunachati nyumba moja. Ana kwa ana hawezi. Usiku mmoja akaandika, "Mama Neema, jenereta la jirani likiwashwa, ile harufu ya dizeli inanirudisha kambini." Nikamjibu, "Nimekusikia, Baba Neema. Nije, au nikuache kidogo?" Akasema njoo.

Ndugu walikuwa na lao: karogwa Kongo, apelekwe akaombewe. Aliombewa, wala sina ubaya na maombi, ila usingizi haukuja. Hospitali ndiyo aliyoiogopa kuliko risasi. Mtaani ukitaja daktari wa akili, watu wanasikia Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Kazini alihofia faili lake lisije likamnyima misheni nyingine, na hili sisi wake tunalificha sana, maana posho ya misheni ndiyo inayopaua nyumba. Desemba 2017, askari wetu zaidi ya 10 walipouawa Semuliki, kulekule Kongo, katika shambulio moja, tulilia wote, lakini sikumsikia mke aliyemwambia mumewe asiende tena. Kwa hiyo ukimwambia "nenda kwa daktari," ujue unagusa na bati.

Mwishowe alikubali hospitali ya kiraia, kwa sharti tuingie wote. Daktari akimwuliza, anasema yuko sawa; mimi ndiye ninayetaja saa anazoamka na siku alizomfokea mtoto bure. Nitakayoyataja tunakubaliana kwanza kwenye daladala. Siku nikichomekea jambo ambalo hatukupatana, wiki nzima sipati meseji.