Jibu: Pweza wadogo wa bahari kuu, na hilo ganda uliloliokota

Umeuliza kama wapo pweza wasiokaa mwambani kabisa, na ganda jeupe, jembamba uliloliokota ni la nani. Ndiyo, wapo, na ganda hilo ni la mmoja wao: Argonauta (kwa kifupi A.). Spishi zake ni nne. A. argo na A. hians huelea karibu na uso wa bahari zenye joto, Bahari ya Hindi ikiwemo, A. nodosus ni wa kusini mwa dunia, A. nouryi wa Pasifiki ya mashariki.

Tazama ukingo wa ganda. Mwembamba wenye vinundu vingi vidogo ni A. argo, mpana wenye vichache vikubwa ni A. hians. Usilibane, huvunjika upesi sana. Ndani halina vyumba: jike hulijenga kwa utando wa minyiri miwili ya juu, akahifadhi mayai humo. Tena hupanda juu kunasa hewa ndani yake, kisha hushuka mpaka kina ambacho haelei wala hazami. Ufundi wa ajabu! Dume hana ganda, ana sentimita 2 hivi tu.

Kwenye kina cha mita 200 hadi 1,000 yuko pweza mwingine asiyekaa mwambani, Japetella diaphana. Mwili wake hupitisha mwanga, lakini akimulikwa na mwanga wa buluu, kama ule wa samaki wawindaji wa huko chini, hugeuka mwekundu papo hapo.