Bahati na ujuzi katika mashindano makubwa ya poka: kwa wanaoanza huku Kusini

Kama umekulia kwenye bao, kuna somo moja la bao ambalo itabidi uliache mlangoni. Barazani Mikindani au Kilwa, mashimo 32 na kete 64 ziko wazi mbele ya wote. Anayekuzidi akikufunga leo, kesho atakufunga tena, na ukifungwa maana yake umekosea mahali. Ukiingia kwenye poka na fikra hiyo utajifunza uongo: utaacha hatua nzuri kwa sababu ilikupa hasara, na utashika hatua mbovu kwa sababu siku moja ilikulipa.

Fanya jaribio hili kabla ya kusoma zaidi. Chukua pakiti ya karata 52. Weka ree mbili upande mmoja, wafalme wawili upande mwingine. Changa zile 48 zilizobaki, fungua tano ambazo ni za pande zote mbili, angalia upande upi unapata karata tano bora kati ya saba, andika. Rudisha, changa, fungua tena. Fanya mara 100. Ree zitashinda takriban mara 82, lakini ukipata 75 au 89 usidhani pakiti ina kasoro; mara 100 bado ni chache. Ukiishia mara 10 tu, utaona ree zikishinda mara sita au pungufu katika jaribio moja kati ya kumi na moja hivi. Na huo ndio mkono (karata mbili unazogawiwa) bora kabisa wa kuanzia, dhidi ya mkono wa pili kwa ubora.

Sasa rudi mashindanoni. Ili uvuke watu elfu moja, huwezi kukwepa kuweka kete zako zote mezani mara kadhaa. (Tunasema kete, chipsi kwetu ni za kula.) Tuseme kila mara uko na ree mbili na mwenzako na wafalme, yaani bahati ya ajabu. Kuvuka mara tano mfululizo ni asilimia 37 tu. Na kwa kawaida hutakuwa na ree. Utakuwa na malkia wawili mbele ya mtu mwenye ree na mfalme, ambapo unaongoza kwa takriban 57 kwa 43. Hakuna ujuzi wa kugeuza karata iliyokwisha changwa. Ujuzi ulikwisha kazi dakika moja nyuma, ulipoamua kuweka au kutupa.

Historia ya shindano kuu la World Series of Poker, Las Vegas, inaonyesha vizuri jinsi wingi wa watu unavyoongeza nguvu ya bahati. Doyle Brunson alilitwaa mwaka 1976 na 1977, wachezaji wakiwa 22 kisha 34. Johnny Chan alirudia 1987 na 1988, na Stu Ungar alipata la tatu 1997. Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu aliyefuzu kupitia shindano dogo la mtandaoni, aliwapita watu 838 katika shindano la ada ya dola 10,000 na kuondoka na dola milioni 2.5. Baada yake mlango ulifunguka: 2006 waliingia 8,773, na 2023 wakafika 10,043. Tangu Ungar hakuna bingwa aliyelitwaa tena. Wachezaji hawajawa wabovu, bali uwanja umekuwa mpana mno kwa mtu mmoja kuurudia.

Wako watakaokutajia Mark Newhouse. Katika shindano hilohilo kuu alimaliza wa tisa mwaka 2013 kati ya watu 6,352, na mwaka uliofuata wa tisa tena kati ya 6,683. Kwa mchezaji wa kawaida aliyetajwa jina kabla ya shindano, kufika meza ya mwisho ya watu tisa miaka yote miwili ni nafasi moja katika 524,000 hivi. Inashawishi kusema huo ni ujuzi mtupu. Lakini jina lake tumelitaja baada ya tukio, na maelfu walicheza miaka yote miwili bila sisi kuwataja. Ushahidi wa ujuzi utafute kwenye kundi. Wachumi Steven Levitt na Thomas Miles walichambua mashindano ya World Series ya mwaka 2010: wachezaji waliokuwa wamekwisha orodheshwa kabla kuwa ni mahodari walipata faida ya zaidi ya asilimia 30 ya ada zao, na wengine wote kwa jumla wakapoteza zaidi ya asilimia 15. Ujuzi upo na unalipa. Ila hautoi risiti siku hiyohiyo.

Huku kwetu jambo hili halihitaji hesabu ndefu. Hakuna mnunuzi anayepima ubora wa gunia la korosho kwa kubangua mbegu tatu. Sampuli huchotwa sehemu mbalimbali za mzigo, zinakatwa, nzima na mbovu zinahesabiwa na kiini kinapimwa. Mbegu tatu zikitoka mbovu, mkulima aliyepulizia salfa kwa wakati na kuanika vizuri ataonekana mvivu. Shindano moja la poka ni mbegu moja. Chukua mchezaji hodari anayefika kwenye malipo mara moja katika kila mashindano matano, ambayo ni kazi nzuri pale wanapolipwa 15 kati ya 100. Nafasi yake ya kucheza mashindano kumi bila kupata hata senti ni takriban asilimia 11. Kwa ushindi kamili ni kali zaidi. Kwenye shindano la watu 1,000, aliye bora mara mbili ya wastani ana nafasi moja katika 500. Acheze mashindano 500, bado kuna zaidi ya theluthi ya uwezekano kwamba hatakuwa ameshinda hata moja.

Kabla ya kuingia shindano lolote, uliza mambo mawili: unaanza na kete ngapi ukilinganisha na dau la lazima (ambalo wachezaji wawili, mmoja dogo mmoja kubwa, huliweka kabla karata hazijagawiwa), na dau hilo linapanda kila baada ya dakika ngapi. Hapo ndipo unajua bahati imepewa kiti kikubwa kiasi gani. Shindano kuu la Las Vegas huanza na kete 60,000, dau la lazima kubwa likiwa 200, na kila ngazi huchukua saa mbili. Una madau 300 na muda wa kufikiri. Linganisha na shindano la haraka: kete 5,000, dau kubwa 100, linaongezeka maradufu kila dakika 20. Saa moja ikiisha dau ni 800, na kama hujashinda wala kupoteza umebaki na madau sita na kitu. Kwenye meza ya watu tisa, mgawaji mzuri anagawa mikono (yaani migao) kama 30 kwa saa. Katika mikono 30, nafasi ya kutopata hata jozi moja ya kumi kwenda juu ni nusu kwa nusu. Kwa hiyo “nangojea karata nzuri” si mkakati. Ree mbili huja mara moja katika mikono 221, ambayo ni zaidi ya saa saba za kukaa.

Kosa la wanaoanza hapa huwa la aina moja: wanakuwa wavumilivu wakati wa kushambulia na wakali wakati wa kungoja. Ukiwa na madau 100, tupa karata nyingi. Kwenye meza ya watu tisa mikono 15 hadi 20 katika 100 inatosha, na mingi kati yake uicheze ukiwa wa mwisho kuamua, kwa sababu umeshaona wenzako wamefanya nini. Ukishuka chini ya madau kumi, acha kulipa dau dogo ili “uone karata”. Ama tupa, ama weka zote wewe wa kwanza. Anayeweka kwanza ana njia mbili za kushinda: wenzake wakitupa, au karata zake zikisimama. Anayefuata ana moja tu.

Hesabu ya kulipa dau ni ya darasa la saba, lakini lazima uifanye kabla ya mkono kusogea. Mezani kuna 6,000, mwenzako anaweka 3,000. Unatoa 3,000 ili upate 9,000, yaani unahitaji ushinde walau mara moja katika nne. Una kopa nne na unangoja ya tano ikupe ushindi, karata moja imebaki kufunguliwa: zilizobaki ni kopa tisa, na nafasi yako ni asilimia 19 au 20. Haitoshi. Tupa, isipokuwa una hakika kwamba kopa ikitua atakulipa tena pakubwa. Na kopa ikitua baada ya kutupa, ulikuwa sahihi vilevile. Hili ndilo gumu kuliko yote kulimeza.

Kuna jambo jingine ambalo hata wazoefu wa karata hulikosa. Kete za mashindano hazina bei moja. Watu kumi, kila mmoja kete 1,000, zawadi za 50, 30 na 20. Mwanzoni fungu la kila mtu lina thamani ya 10. Ukizoa kete zote 10,000 hupati 100, unapata 50. Kwa hiyo kete unazoongeza zina thamani ndogo kuliko unazopoteza, na wakibaki wanne huku watatu ndio wanalipwa, tofauti hiyo inakuwa kali. Mwenye kete nyingi hapo anatakiwa kuwabana wenzake. Mwenye kete za kati atupe hata mikono ambayo saa moja nyuma angeilipia bila kufikiri. Mwenye chache kabisa atafute mahali pa kuweka zote kabla madau hayajamla.

Kuhusu fedha. Michezo ya kubahatisha nchini Tanzania iko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Angalia ada imeandikwaje: ikiwa 10,000 ni za zawadi na 1,000 za mwandaaji, mchezaji wa wastani anapoteza 1,000 katika kila 11,000 hata kama karata zinamtendea haki. Mtaji wa mashindano makubwa uwe walau ada 100, na uwe ni fedha ambayo ikiisha hakuna mtoto anayerudishwa nyumbani kutoka shule. Malipo ya mnada wa korosho yanapoingia, huo ndio wakati mbaya kuliko yote wa kuanza, maana mfuko umejaa na kichwa kinasema hasara ndogo haionekani.

Mazoezi mazuri hayahitaji fedha. Ketini watu sita, mgawane kete za bao sawasawa, na kila mtu awe na daftari la safu nne: nilikuwa na nini, madau mangapi, nilidhani mwenzangu ana nini, niliamua nini. Safu ya tatu ijazwe kabla karata hazijafunuliwa. Ukiandika baadaye utajidanganya. Matokeo usiyaandike kabisa.

Na mkiwa wawili, ipo njia ya kuipunguza bahati ionekane nani kamzidi mwenzake. Mtu wa tatu aandike mpangilio wa karata za mikono 20, mcheze, mhesabu kete. Baada ya wiki mbili apange karata zilezile, lakini mbadilishane viti, ili kila mmoja apate zile alizokuwa nazo mwenzake. Wiki moja haitoshi. Mikono yenye ree au iliyokuuma utakuwa bado unaikumbuka.